Mabwawa yalifungwa kwanza, ndipo ikasemwa weusi hawajui kuogelea

Tarehe 23 Juni 2025 Kirsty Coventry alikabidhiwa uongozi wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Ni mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti hicho, na jina lake alilijenga majini: medali saba za Olimpiki kwa Zimbabwe, mbili kati yake za dhahabu, zote za mita 200 kwa mgongo, Athens 2004 na Beijing 2008. Nilifurahi kama walivyofurahi wengi. Lakini katika furaha ile limeingia hitimisho moja nisilokubaliana nalo, kwamba Mwafrika akishakuwa mkubwa wa michezo yote duniani, tena mwogeleaji, basi ile kasumba ya kwamba watu weusi na kuogelea ni mbalimbali imezikwa. Haijazikwa. Coventry ni Mzimbabwe mweupe aliyekulia Harare na kunolewa zaidi katika Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama. Kusema hivyo si kumpunguzia Uafrika wake hata chembe. Ni kukumbuka tu kwamba kasumba ile haikumlenga yeye. Hakuna aliyewahi kumwona amesimama kando ya bwawa akadhani hajui kuogelea.

Alabama nimeitaja kwa makusudi. Mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Auburn upo mji wa Montgomery, na ndani ya Montgomery ipo bustani ya Oak Park iliyokuwa na bwawa la umma kwa ajili ya weupe peke yao. Weusi waliposhtaki mahakamani wakitaka bustani za mji zifunguliwe kwa watu wote, wakuu wa mji waliona heri wazifunge zote. Zikafungwa tangu mwanzo wa mwaka 1959, na bwawa lile likafukiwa udongo. Ukitaka kujua kasumba hii ilikotoka, anza hapo. Haikutoka kwenye mifupa ya mtu mweusi wala kwenye mila zake. Ilitoka kwenye mabwawa yaliyofungwa mbele ya macho yake, kwanza kwa fimbo, kisha kwa sheria, mwishowe kwa bei, mpaka vizazi viwili vitatu vikapita bila kujifunza, na waliofunga wakageuka kuuliza mbona hawa hawajui kuogelea. Kama hiyo ndiyo asili yake, basi haivunjwi na bingwa mmoja wala kiongozi mmoja. Inavunjwa na mtoto anayewekwa majini mapema, mahali salama, kwa ada ambayo mzazi wake anaimudu.

Kabla ya kufika Marekani turudi nyuma kidogo, maana wapo watakaosema hata huko Afrika watu hawakuwa na desturi ya kuogelea. Wasafiri wa Ulaya waliofika pwani ya Afrika Magharibi tangu karne ya 15 waliandika kinyume chake. Mholanzi Pieter de Marees, aliyeandika habari za pwani ya Ghana ya leo mwaka 1602, aliwasifu wenyeji kuwa waogeleaji na wapiga mbizi hodari kuliko watu wa kwao. Wahispania walilijua hilo vizuri mno, kwa hasara ya wenye ujuzi huo: katika karne ya 16 waliwatumikisha Waafrika kupiga mbizi za lulu kwenye kisiwa cha Margarita, pwani ya Venezuela. Upande wetu wa bahari mambo yalikwenda vivyo hivyo. Miongoni mwa watu waliochukuliwa utumwani kutoka mwambao wetu na bara yake, wengi wao kupitia Unguja, wapo waliotumikishwa katika majahazi ya lulu ya Ghuba hadi mwanzoni mwa karne ya 20, wakishuka chini ya bahari kwa pumzi moja na jiwe mguuni. Na leo hii, jioni yoyote ukisimama Forodhani, utawaona vijana wapiga makachu: anarudi nyuma hatua kumi, anakimbia peku, anaruka juu ya ukuta, anajikunja hewani na kupinduka, kisha anaingia baharini kwa kichwa. Sekunde chache baadaye kichwa kinaibuka mbali na alipotumbukia, naye anaogelea kurudi ngazini kama mtu anayerudi chumbani kwake.

Sasa Marekani. Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba katika miji ya kaskazini mabwawa ya manispaa hapo mwanzo yaliwatenga watu kwa jinsia na hali ya maisha kuliko kwa rangi. Kulikuwa na siku za wanaume na siku za wanawake, na wanaume weusi na weupe wa mitaa ya kimaskini walioga pamoja. Mambo yaligeuka miaka ya 1920 na 1930, miji ilipojenga mabwawa makubwa ya starehe yenye fukwe za mchanga na bustani, na kuruhusu wanaume na wanawake waogelee pamoja. Hapo weusi wakaanza kufukuzwa, kwa sababu wakubwa wa miji hawakuvumilia mwanamume mweusi awe maji mamoja na mwanamke mweupe aliyevaa nguo ya kuogelea. Hoja ya kwamba hawajui kuogelea haikuwapo kabisa. Waliokuwa wakifukuzwa walikuwa wanaogelea.

Fujo zilikuwa zimekwisha kuanza kwenye fukwe. Tarehe 27 Julai 1919, siku ya joto kali Chicago, kijana mweusi wa miaka 17 aitwaye Eugene Williams alikuwa juu ya chelezo cha mbao katika Ziwa Michigan. Chelezo kikasogea upande ambao weupe waliuhesabu kuwa wao. Mzungu mmoja akaanza kurusha mawe, na Williams akazama. Polisi aliyekuwapo alikataa kumkamata mrushaji, zikazuka ghasia zilizoua watu 38, weusi 23 na weupe 15. Miaka 30 baadaye, Juni 1949, mji wa St. Louis uliruhusu kwa mara ya kwanza watoto weusi waingie bwawa la Fairground Park. Waliingia kama 30. Walipotoka walikuta umati umewazingira, na kufikia jioni vurugu zilikuwa zimevuta maelfu ya watu. Bwawa lilipofunguliwa rasmi kwa wote mwaka 1950, weupe walilihama: mwaka 1948 watu walikuwa wameogelea humo mara 313,000, mwaka 1950 mara 10,000 tu. Baada ya miaka michache likafungwa kabisa.

Mfano wa St. Louis nauona mzito kuliko ule unaojulikana zaidi, wa Juni 1964 huko St. Augustine, Florida, ambako meneja wa hoteli alimimina asidi ya kusafishia kwenye bwawa lake wakati waandamanaji weusi na weupe wamo majini. Tukio lile lilipigwa picha, likatia watu aibu, na siku iliyofuata Seneti ikapitisha Sheria ya Haki za Kiraia. Kilichokuwa kikiendelea kabla na baada ya sheria hakikupigwa picha. Weupe wenye uwezo walihamia kwenye vilabu vya kuogelea vya wanachama, vilivyochipuka kwa maelfu katika vitongoji vipya, na mabwawa ya umma yakaachwa yachakae. Jackson, Mississippi, ilikuwa na mabwawa matano ya umma, manne ya weupe na moja la weusi. Ilipotakiwa kuyachanganya, iliacha kuyaendesha yote. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1971 majaji watano dhidi ya wanne wakasema mji una haki ya kufunga mabwawa yake maadamu umewafungia wote. Kwenye karatasi wote wamefungiwa sawa. Mtaani, mmoja anakwenda klabuni na mwenzake anakwenda mtoni.

Mtoni ndiko kunakoua. Agosti 2010, familia za weusi zilikuwa zimekwenda kupunga upepo kando ya Red River, Shreveport, Louisiana. Kijana mmoja aliyekuwa akitembea kwenye maji ya kina kifupi alikanyaga pasipo na chini. Wenzake wakaingia kumwokoa, mmoja baada ya mwingine. Yeye aliokolewa na mtu aliyekuwa jirani. Sita waliomfuata wakafa, ndugu watatu wa familia moja na ndugu watatu wa nyingine, huku wazazi wakipiga kelele ukingoni, maana katika watu wazima waliokuwapo hakuna aliyejua kuogelea. Utafiti uliofanywa mwaka 2017 kwa ajili ya shirikisho la kuogelea la Marekani ulikuta asilimia 64 ya watoto weusi hawajui kuogelea au wanajua kidogo sana, dhidi ya asilimia 40 ya watoto weupe. Ulikuta pia kwamba mzazi asipojua kuogelea, uwezekano wa mtoto wake kujifunza ni asilimia 19 tu. Takwimu hiyo ya mwisho inabeba historia yote niliyoisimulia. Bibi alifukuzwa bwawani, mama hakufundishwa, na mama asiyefundishwa humkataza mwanawe kusogelea maji kwa sababu anampenda. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, na asiyejua wingi wake hawezi kumruhusu mtoto ayaingie.

Wanaoipinga hoja hii hawafanani uzito. Walio dhaifu kuliko wote ni wale wa mwili: kwamba mtu mweusi ana mifupa mizito, kwa hiyo haelei. Aprili 1987 Al Campanis, meneja mkuu wa timu ya besiboli ya Los Angeles Dodgers, alisema wazi kwenye televisheni ya taifa kwamba weusi hawaelei, na siku mbili baadaye alikuwa hana kazi. Miezi 17 tu ikapita. Katika Olimpiki ya Seoul, Septemba 1988, Anthony Nesty, kijana mweusi wa Suriname, nchi iliyokuwa na bwawa moja tu la mita 50, alimshinda Mmarekani Matt Biondi katika mita 100 za kipepeo kwa sekunde 53.00 dhidi ya 53.01. Lakini bingwa mmoja hathibitishi habari za miili ya mamilioni, kwa hiyo tuijibu hoja kwa maji yenyewe. Kinachomwelesha binadamu kwa sehemu kubwa ni hewa iliyo kifuani. Jaza mapafu na ulegee, utaelea. Toa pumzi yote, aghalabu utaanza kushuka, uwe wa rangi yoyote. Tofauti za uzito wa mifupa na misuli zipo baina ya mtu na mtu, na watu wembamba wenye misuli miguu yao huzama haraka zaidi, lakini hao ndio wanaojaa kwenye fainali za Olimpiki. Kuogelea ni ufundi wa kufundishwa, kama kuendesha baiskeli.

Hata hivyo hoja hii dhaifu ndiyo inayofanya kazi kimya kimya kila siku. Mtoto wa dada yangu alihamia Marekani na wazazi wake akiwa na miaka 13, akiwa tayari amekulia kwenye maji ya bahari ya Funguni, mwambao wetu. Siku ya kwanza ya somo la kuogelea mwalimu alimtazama, akampa ubao wa kushikilia na kumpeleka kwenye maji ya kifuani pamoja na wanaoanza. Wenzake weupe waliulizwa kwanza kama wanajua. Aliponipigia simu hakuwa na hasira, alikuwa anashangaa. “Mjomba, hakuniuliza,” aliniambia. “Nilingoja aniulize.” Yeye alikuwa na pa kusimamia, kwa sababu alijijua. Mtoto ambaye hajawahi kuingia majini akipokelewa hivyo huamini kwamba mwalimu ameona jambo ndani yake.

Hoja ya pili ni nzito na haitaki kupuuzwa. Inasema kufungua milango hakutoshi, kwa sababu Uingereza milango haikufungwa kwa sheria kama Marekani, na bado mambo ni yale yale. Kule England kuogelea kumo kwenye mtaala wa taifa tangu 1994, na mtoto anatakiwa aweze mita 25 kabla ya kumaliza shule ya msingi. Pamoja na hayo, takwimu za Sport England zinazonukuliwa sana zinasema asilimia 95 ya watu wazima weusi na asilimia 80 ya watoto weusi hawaogelei. Wenye hoja hii husema tatizo basi ni utamaduni: nywele, sitara, woga wa wazazi, na kutojiona katika mchezo wenyewe. Nakubaliana nao nusu ya safari. Msichana aliyekaa kitako saa tano akisukwa rasta anaijua thamani ya kichwa chake. Kofia ya kawaida ya kuogelea imetengenezwa kwa nywele zinazolala. Kwenye rasta haipandi, na ikipanda huteleza kurudi juu. Klorini hukausha nywele za kipilipili zikawa kama majani ya kiangazi, na kuzirudisha kunataka kuosha, kupaka mafuta, kuchana na kusuka upya. Mwalimu anayempa dakika kumi za kubadili nguo na kurudi darasani amemwambia achague kati ya nywele na kuogelea.

Lakini tazama kilichotokea ufumbuzi ulipoletwa. Kampuni ya Soul Cap ya London ilitengeneza kofia kubwa ya kuenea nywele hizo. Mwaka 2021, kabla ya Olimpiki ya Tokyo, shirikisho la dunia la kuogelea, wakati huo likiitwa FINA, lilikataa kuiidhinisha kwa mashindano, likisema haifuati umbo la asili la kichwa, na kwamba kwa ujuzi wake wanamichezo wa kimataifa hawajawahi kutumia wala hawahitaji kofia za ukubwa huo. Sababu ya pili ndiyo ya kuisoma mara mbili. Hawakuzihitaji kwa sababu hawakuwapo, na hawakuwapo kwa sehemu kwa sababu ya vitu kama kofia. Tokyo hiyo hiyo Alice Dearing aliogelea kilomita 10 za maji ya wazi, mwanamke mweusi wa kwanza kuiwakilisha Uingereza katika kuogelea kwenye Olimpiki. Kofia iliruhusiwa Septemba 2022. Kwa hiyo kinachoitwa utamaduni wa weusi, ukikikaribia, nusu yake unaikuta ni kanuni iliyoandikwa ofisini na mtu ambaye hakuwa na nywele hizo. Nusu nyingine, ile ya woga na kutokuwa na mazoea, ndiyo ile asilimia 19.

Wapo wa tatu, wanaotegemea mashujaa. Simwonei mtu wivu wa furaha aliyoipata Agosti 2016 mjini Rio, Simone Manuel alipogusa ukuta sawia na Penny Oleksiak wa Kanada kwa sekunde 52.70, akawa mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kupata dhahabu ya kuogelea peke yake. Wasichana wangapi waliomba kupelekwa bwawani wiki ile, ni wengi bila shaka. Lakini msichana akishaomba, bwawa liwepo. Nesty huyo huyo, kabla ya Seoul, alikwenda kusoma na kufanya mazoezi Florida, kwa kuwa kipaji kilikuwepo na maji ya kukinolea hayakutosha. Paris 2024 aliiongoza timu ya wanaume ya Marekani, kocha mkuu wa kwanza mweusi wa timu yao ya Olimpiki ya kuogelea. Ni miaka 36 kati ya dhahabu yake na nafasi hiyo. Katika miaka yote hiyo watoto waliendelea kuzama, na wasiojua kuogelea wakabaki wengi: kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa kilieleza Mei 2024 kwamba zaidi ya theluthi ya watu wazima weusi hawajui kuogelea, wakati kwa watu wazima wote ni asilimia 15, na kwamba asilimia 63 ya watu wazima weusi hawajawahi kupata somo hata moja.

Kwetu Afrika Mashariki tusijitoe. Sisi nasi tunaisema kasumba hii, tena kwa kujiamini, tukiwa na bahari, Ziwa Victoria, Tanganyika na Nyasa. Mabwawa ya mijini yalianza kwenye vilabu vya Wazungu na hoteli, na mengi yamebaki ya hoteli, vilabu na shule za ada kubwa. Ndiyo maana waogeleaji wa Kenya waliosikika zaidi duniani wamekuwa akina Dunford, Wakenya weupe: Jason alivunja rekodi ya Olimpiki kwenye mchujo wa mita 100 kipepeo Beijing 2008, akamaliza wa tano fainali. Mtoto wa mvuvi wa Ukerewe hana bwawa, na ziwa lililo mlangoni kwake hakuna anayemfundisha kuliogelea. Afrika Kusini, ambako fukwe ziligawanywa kwa sheria mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, sheria imekwisha, lakini siku ya Krismasi 2022 wanaume weupe waliwashambulia vijana wawili weusi kwenye bwawa la hoteli ya mapumziko ya Maselspoort, karibu na Bloemfontein, kwa kuwa wameingia majini.

Kuna mahali pamoja ambapo jibu lilipatikana bila fedha nyingi. Nungwi, kaskazini ya Unguja, mradi wa Panje ulianza kuwafundisha wasichana kuogelea baharini. Mwanzoni wazazi walikuwa na wasiwasi wa sitara, na badala ya kuwahubiria kwamba wana mawazo ya kizamani, mradi ukatafuta nguo za kuogelea zinazofunika mwili mzima na kichwa, na wanawake wakawafundisha wanawake. Wasichana wakaja. Hilo pia ni jibu kwa wanaosema utamaduni ndio ukuta: ulitaka nguo na mwalimu wa kike.

Olimpiki ijayo ya majira ya joto ni Los Angeles 2028, katika kaunti ile ile ambako mwaka 1924 mji wa Manhattan Beach uliwanyang'anya akina Bruce, mke na mume weusi, eneo lao la ufukweni walilokuwa wakiwapokelea waogeaji weusi. Warithi wao walirudishiwa ardhi hiyo mwaka 2022. Katika makubaliano ya mashindano hayo zilitengwa hadi dola milioni 160 kwa michezo ya watoto wa Los Angeles, mafunzo ya kuogelea ya bei nafuu yakiwemo, na zilianza kutumika miaka kadhaa kabla ya mashindano. Hicho ndicho kipimo ningependa Coventry aulizwe, na sisi tunaoandika Kiswahili tumuulize pia: ni watoto wangapi wamefundishwa, mitaa gani, kwa ada gani, na kama mpango wa namna hiyo unaweza kufika Mwanza, Kigoma na Nungwi, ambako maji yapo tayari na kinachokosekana ni mshahara wa mwalimu, nguo ya kuogelea, na kipindi kimoja kwenye ratiba ya shule. Mzazi wa kwetu aliyeko ughaibuni, Minneapolis au Leicester, naye asingoje: apige simu bwawa la manispaa aulize saa za wanawake, aulize kofia kubwa kama zinaruhusiwa, na siku ya kwanza amwambie mwalimu amuulize mtoto kwanza anajua nini.